Kikombe Nilichokiosha

Ton. Ton. Kimya. Ton.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye sinia la vyombo hadi kwenye beseni, nami nimesimama jikoni gizani, najifuta mikono, nimeridhika na nafsi yangu. Kulikuwa hakujapambazuka. Nilikuwa nimeosha vikombe vitano vya usiku, na cha sita kilichokuwa na vumbi kuliko vyote, nikavipanga kichwa chini vichuruzike. Sikujua kwamba kwa hicho cha sita nilikuwa nimeitia siku ya mjukuu wangu matatani.

Ni miaka kumi na moja sasa. Mjukuu wangu alikuwa ameacha kazi ya kuuza misumari na rangi katika duka la baba yake ili apige picha. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, ambaye ukaidi wake hakuutoa kwangu, alimpa mwaka mmoja. "Ukipata kazi ya kudumu, sina neno," alimwambia. "Usipopata, unarudi kaunta." Mwaka ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Binti huyo alikuwa akiishi kwangu, kwa hiyo nikawa mbeba mkoba wake. Alisema mimi ni msaidizi mkuu. Nikamwambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, mke mwenza hana msaidizi, ana mwenzake. Akacheka. Jioni alinifundisha vitu vya kazi, akiniwekea kimoja kimoja mapajani kama mtu anayemwonyesha mwenzake watoto wake. Kulikuwa na kitu cheusi cha plastiki, kipana mdomoni, hakina kitako, na kingo zake zimekatwakatwa kama petali za ua. Kazi yake ni kuvishwa mbele ya lenzi ili jua lisiingie kutoka ubavuni na kuichafua picha kwa weupe.

"Hii ni hudi, Bibi."

"Hiki ni kikombe," nikasema.

"Kikombe kisicho na kitako?"

"Na wewe una babu asiye na meno, mbona hujambadilisha jina?"

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kikaitwa kikombe. Alinionyesha namna ya kukibeba: tukiwa safarini kinageuzwa nyuma, kikaikumbatia lenzi ndani ya mkoba, tukifika kazini kinachomolewa, kinageuzwa kutazama mbele, kinazungushwa mpaka kilie *tak*. "Usiposikia hiyo *tak*, Bibi, ujue hakijashika." Nililifanya hilo mara nyingi hata mikono ikazoea. Nilijivunia sana *tak* yangu.

Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekichomoa akifuta lenzi, akakiacha mezani. Akasema akienda kulala, "Kesho tunamaliza kusafisha, Bibi. Hicho kikombe chenyewe kimejaa vumbi." Alikuwa anajisemea tu. Mimi nililala na neno lile, nikaamka nalo.

*

Ilikuwa hivi. Hospitali yetu ilikuwa na mkunga mzee aliyekuwa anastaafu. Walitaka picha yake moja ya kutundika wodini, na atakayeipata ndiye angepewa kazi ya kudumu ya kupiga picha zote za hospitali. Wapigapicha wawili walikuwa wamejaribu. Wa kwanza alirudi na sura ya mtu anayesubiri sindano. Wa pili alirudi na kisogo. Asubuhi ile mkunga alikuwa anatoka zamu yake ya mwisho, na gari la kumpeleka kwa dada yake, mji mwingine kabisa, lilikuwa limeshawashwa langoni.

Tulimkuta mlangoni mwa wodi ya wazazi, kwenye kibaraza chembamba chenye paa, kilicho wazi upande wa mashariki. Mwanamke mfupi, mabega mapana, viatu vya kazi mkononi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama," mjukuu wangu akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?" Akamtazama toka juu mpaka chini. "Nina dakika kumi. Na uniambie mapema kama na wewe unataka nitabasamu, niondoke zangu."

"Sitaki utabasamu. Ungependa kusimama wapi?"

"Hapa hapa. Mlangoni hapa ndipo ninapowakabidhi watu watoto wao. Kwingine sina habari nako."

Mjukuu wangu akatazama nyuma ya mkunga. Jua lilikuwa linachomoza mwisho wa kibaraza, jekundu, chini kabisa, linatutazama usoni. Upande wa pili palikuwa pamezibwa na vitanda vibovu mpaka darini. Hapakuwa na pa kusimama ila kuliangalia jua.

Akaingiza mkono mkobani. Nikauona mkono ule unatafuta, unarudi, unatafuta tena.

"Bibi, hudi iko wapi?"

"Ipi?"

"Kikombe."

Sijawahi kusikia neno likiniangukia hivyo. Nilikiona akilini, palepale kwenye sinia, kichwa chini, kati ya kikombe cha maua na kile chenye ufa.

"Nimekiosha," nikasema. "Kiko nyumbani na wenzake."

Alinitazama. Nilikuwa nimemlea tangu yuko darasa la tatu. Nilijua uso wake ukikasirika unaanzia wapi. Ulianza, nikauona kwenye kidevu, halafu akaumeza. Akamgeukia mkunga.

"Samahani, mama. Sikuukagua mkoba kabla ya kutoka. Kosa langu."

Kosa langu, alisema. Wala hakunitupia jicho. Nimefanyiwa wema mwingi maishani na mwingine nimeusahau, Mungu anisamehe, lakini huo wa sentensi moja ninao.

Alijaribu picha mbili. Akatazama nyuma ya kamera, akanionyesha: weupe umemwagika kama maziwa, uso wa mkunga umezama humo. Langoni dereva akapiga honi.

"Haya, binti," mkunga akasema, akibadilisha mfuko mkono. "Na wewe umeshindwa. Si dhambi."

"Sijashindwa bado," mjukuu wangu akajibu, na sauti yake haikutikisika. "Bibi, njoo. Nipe mkono wako."

Akanisimamisha ubavuni kwake. Akaukamata mkono wangu wa kulia kama mtu anayenyanyua pazia, akauweka juu ya lenzi na mbele yake kidogo, vidole vimebanana. "Shusha. Zaidi. Tazama kioo cha lenzi: ukiona kivuli cha mkono kimekifunika chote, ganda hapo hapo."

Nikatazama. Kivuli changu kikapanda juu ya kioo polepole mpaka kikakifunika. Nikaganda.

Kuganda ni rahisi kusema. Nilikuwa na miaka sitini na tisa, na bega langu la kulia lilikuwa na mambo yake. Mkunga alikuwa amekaza uso tena, uso wa sindano. Mjukuu wangu hapigi. Anasubiri. Anapumua tu nyuma ya kamera, na mimi bega linaanza kuwaka, halafu kiwiko, halafu vidole vikaanza kutetemeka na kivuli kikacheza juu ya kioo.

"Huyu mama anatetemeka," mkunga akasema.

"Najua. Bibi, kidogo tu."

"Siwezi," nikanong'ona.

Hapo mkunga akaacha kuitazama kamera, akanitazama mimi. Akaweka mfuko wa viatu chini. Sijui nieleze vipi. Uso ulifunguka, si kwa kicheko, bali kama mtu anayewasha taa chumbani alimozoea kufanyia kazi.

"Unaweza," akaniambia. Sauti ilikuwa ya chini, ya amri, na ndani yake hamna hofu hata chembe. "Nitazame mimi. Usikaze bega, mama. Pumua. Toa yote. Haya, tena. Bado kidogo tu. Tuko pamoja, siendi popote."

Nikapumua. Nilizaa watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyenikuta na mtu wa kuniambia maneno yale. Mkono ukatulia.

Kamera ikalia. Mara moja tu.

"Tayari," mjukuu wangu akasema.

Mkunga akamnyooshea kidole. "Mshenzi wewe. Umeniiba."

"Nimekusubiri, mama."

Akaokota viatu vyake akaenda langoni akicheka peke yake, na honi ikakoma.

*

Picha ile bado iko wodini. Kwenye kona ya juu kuna doa jeusi, mviringo mdogo, ncha ya kidole changu. Muuguzi mkuu alitaka likatwe. Mjukuu wangu akakataa, akamwambia picha hii aliipiga na msaidizi wake. Kazi ya hospitali akapewa. Baba yake alikwenda kuiona, na kesho yake akampa kaunta mtu mwingine.

Wanawake wanaoingia kujifungua husema yule mama wa ukutani anawaangalia wao. Siwabishii.

Baada ya miezi miwili tulimpelekea nakala yake huko kwa dada yake. Safari ya saa tano, nimeipakata bahasha njia nzima. Mkunga aliipokea amesimama, akaipeleka dirishani.

"Kumbe ndivyo ninavyokuwa," akasema. Akakaa. "Miaka thelathini na nne. Walioniona hivi walikuwa na shughuli zao. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Dada yake akaleta chai, tukanywa, tukazungumza magoti na wajukuu. Jua lilipoanza kupungua tukaaga. Alitusindikiza mpaka njia panda, polepole, mkono wake ukiwa chini ya kiwiko changu cha kulia kana kwamba umewekwa pale kwa bahati tu. Basi lilipotokea hakuutoa.

"Mtakuja tena?" akauliza. Alimtazama mjukuu wangu, kisha mimi. "Hata kama hamna picha ya kuleta. Mje tu."