Mitupo Miwili ya Colby Renner

Ijumaa ile, ilipogonga saa sita mchana, Merle Hostetler alizima mashine ya upepo, akafunga mlango wa duka lake la matairi, akaburuta viti viwili mbele ya televisheni iliyokaa juu ya rundo la matairi ya trekta. Hakuna mtu mjini Corliss aliyemlaumu. Machi ni mwezi wa mpira wa kikapu wa vyuo, na siku hiyo Tilden, chuo cha hapo hapo mjini, kilicheza mchezo wake wa kwanza wa mashindano ya taifa. Tilden walikuwa wamepangwa nambari tatu kwa ubora katika kundi lao. Wapinzani wao, Belmere, nambari kumi na nne, walikuwa kijichuo ambacho watu wengi hawakujua hata kiko jimbo gani.

"Mwaka huu vigogo wanalala kama mahindi yaliyopigwa na dhoruba," alisema Virgil Stoops, tarishi mstaafu aliyekuwa akija dukani kila siku bila tairi wala gari. "Jana nambari tano kachapwa na kumi na mbili. Nambari nne kachapwa na kumi na tatu. Leo zamu yenu, mzee."

"Funga domo, Virgil. Wale walikuwa wanategemea mitupo ya mbali. Siku mkono ukikataa, umekataa. Sisi tunachezea chini ya kapu. Anayechezea chini ya kapu haangushwi na kibonde."

Merle aliyaamini maneno hayo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ya pale mjini, na watu walimwita Merle wa Matairi. Alikuwa na ulimi. Alijua kuchekesha, na alijua kuchoma.

Zilipobaki sekunde nne, Belmere waliongoza kwa pointi moja. Colby Renner wa Tilden alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili huru. Colby alikuwa mtoto wa Corliss, miaka ishirini, mrefu na mpole, aliyelelewa na bibi yake, Opal. Merle mwenyewe ndiye aliyemfungia matairi ya pikapu yake. Mtupo wa kwanza ulizunguka kwenye ringi ukatoka. Wa pili haukugusa hata ringi.

Virgil hakucheka. Alivaa kofia yake akaondoka. Merle alibaki peke yake, mashavu yakimwaka, na kipindi kilipoanza saa tisa alikuwa mpigaji wa kwanza.

"Mambo ni haya," alisema. "Hatukufungwa na Belmere. Tulifungwa na mtu mmoja asiye na moyo. Ningekuwa mimi ni Colby Renner, nisingerudi Corliss. Ningemwambia dereva wa basi asimamishe pale darajani nishuke, watu wasinione tena."

Mtangazaji aliangua kicheko. Kufika jioni kipande hicho kilikuwa kwenye kila simu mjini, na chini yake watu wameandika maneno ambayo Merle, aliposomewa na mkewe Lorna, aliomba aishie hapo.

"Umeyaanza wewe," Lorna alimwambia.

"Ni mpira tu, Lorna. Kesho watakuwa wamesahau."

Asubuhi ya Jumamosi, saa mbili, Lorna aliingia jikoni ameshika simu kifuani. Uso wake ulikuwa mweupe kama sahani.

"Colby hayupo," alisema. "Alirudi jana na timu, akaenda kwa bibi yake, kisha akatoka na pikapu. Hakulala nyumbani. Wameikuta pikapu asubuhi hii. Kando ya daraja la chuma, Merle. Simu yake iko ndani, kwenye kiti."

Merle alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikiweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Neno moja tu lilikuwa likizunguka kichwani mwake: darajani. Alikuwa amesema darajani. Kulikuwa na mahali pengi pa kumshusha mtu kwenye basi, na yeye alichagua pale.

Mto ulikuwa umefura. Theluji ya majira yote ilikuwa imeyeyuka ndani ya juma moja, na maji, mekundu kwa udongo, yalipita chini ya daraja yakibeba matawi, mbao na mapipa. Tangu Jumatano kaunti ilikuwa imeweka vizuizi, gari lisipite darajani. Pikapu ya Colby ilikuwa imeegeshwa mbele ya vizuizi hivyo, na watu kama arobaini walikuwa wametawanyika ukingoni na fimbo ndefu. Boti mbili za zimamoto zilikuwa majini. Hakuna aliyezungumza kwa sauti.

Askari wa kaunti, mwanamke aliyeitwa Jolene Pruitt, alimwona Merle anashuka garini.

"Mzee Merle. Leo hatuna haja ya redio."

"Nimekuja kutafuta, Jolene."

Jolene akamkabidhi fimbo.

Merle alitembea ukingoni, na kila hatua ilikuwa adhabu. Alitakiwa atazame maji, na hilo ndilo asiloweza. Kitu cheusi na cha mviringo kilijitokeza katikati ya mkondo, kikazama, kikajitokeza tena. Kitu kile kilipogeuka aliona ni tairi kuukuu. Aliinama akatapika kwenye nyasi, na kijana aliyekuwa karibu naye, amevaa fulana ya Tilden, akageuza uso pembeni.

Opal Renner alikuwa amekaa ndani ya gari la askari, mlango wazi, blanketi mabegani. Alikuwa mama wa miaka sabini na minane, mwembamba, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Merle alijua lazima apite pale. Alivua kofia.

"Mama Opal," alianza. "Jana kwenye redio mimi..."

"Nilikusikia," alisema Opal bila kumtazama. "Wanarudia kipindi saa mbili usiku. Nilikuwa nimewasha redio jikoni, sikujua. Colby alikuwa mezani anakula. Akasikia yote mpaka mwisho. Nilitaka kuzima akasema, acha, Bibi. Akamaliza maziwa yake, akasuuza glasi, akatoka."

Merle alisimama pale.

"Alisuuza glasi," Opal alirudia. "Sasa nenda, Merle. Usisimame mbele yangu. Unanizibia mto."

Akaenda. Hakujua anaenda wapi. Alijikuta kwenye vizuizi, mkono juu ya boneti baridi ya pikapu. Matairi yalikuwa yamenyooka, gari limeegeshwa vizuri pembeni, lisimzuie mtu. Akaanza kufikiri kwa shida, jinsi mtu anavyotembea gizani akipapasa ukuta. Kila mtu aliiona pikapu ile akaona mto. Lakini daraja lilikuwa limefungwa. Mtu aliyetaka kuvuka tu, angeiacha wapi? Angeiacha hapa hapa.

Na ng'ambo kulikuwa na nini? Mashamba. Matanki ya nafaka. Na shule ya zamani ya Prather, iliyofungwa zaidi ya miaka thelathini, ambayo Merle mwenyewe aliichezea mpira ujanani. Opal naye alikuwa mpishi pale mpaka siku ya mwisho, na funguo za mlango wa nyuma hakurudisha. Merle alikumbuka kumwona Colby akiwa na miaka tisa au kumi, peke yake katika ukumbi ule, akitupa mpira mmoja baada ya mwingine huku bibi yake akifuma kwenye benchi.

"Jolene!" aliita. "Shule ya Prather, mmeangalia?"

"Alfajiri. Mwenzangu alizunguka kwa barabara ya kaskazini. Milango yote ina kufuli na minyororo. Hakuna alama."

"Kuna mlango wa boila ya kupashia shule joto, nyuma. Hauonekani, uko chini ya ardhi."

Jolene alitazama mto, akatazama wanaume wawili waliokuwa wakivuta kitu kwa kamba. "Siwezi kumtoa mtu hapa sasa hivi," alisema. "Nenda. Chukua redio ya mkononi. Na usiguse kitu, mzee, ukikuta..."

Merle alivuka daraja kwa miguu. Chuma kilitetemeka chini ya nyayo zake. Katikati ya daraja, kwenye reli ya kushikilia, aliona mahali ambapo barafu nyembamba ilikuwa imefutika, upana wa viganja viwili. Mtu alikuwa amesimama hapo na kushika. Alifumba macho akaendelea kutembea huku amefumba, mkono mmoja kwenye reli.

Mlango wa boila ulikuwa umefunguka kiasi cha unene wa mtu. Ndani kulinuka panya na masizi. Alipanda ngazi kumi na mbili, akasukuma mlango wa ukumbi kwa bega.

Madirisha ya juu yalipitisha mwanga wa kijivu. Merle alisimama kizingitini, akaona hawezi kuinua macho. Ukumbi ule ulikuwa na boriti za chuma, na kamba za mazoezi zilizoning'inia tangu enzi zao. Alijua ziko pale. Alitazama sakafu iliyo mbele ya viatu vyake, misumari, vumbi, na mstari mwekundu uliofifia. Hakuna mpira uliodunda. Hakuna pumzi iliyosikika. Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, alilia kwa woga kabla hajajua kama kuna cha kulilia.

Kisha akainua macho. Boriti zilikuwa tupu.

Na mbele ya kapu la mbali, kwenye mstari wa mitupo huru, sakafu ilikuwa imepasuka. Colby Renner alikuwa amelala pale ubavu, mguu mmoja umezama shimoni hadi gotini, amejifunika pazia la jukwaa lililokuwa limeanguka karibu yake. Midomo ilikuwa ya buluu. Hakutikisika.

"Colby."

Merle alitambaa, kwa kuwa mbao zilikuwa zinalia. Alimgusa shingo. Ilikuwa baridi kama bomba la maji. Aliweka vidole tena, akangoja, na chini ya ngozi ile kitu kikagonga, polepole.

Aliita kwenye redio, sauti inapasuka, mara tatu mpaka Jolene akamwelewa. Kisha akavua koti. Colby alifumbua macho.

"Nani?"

"Mimi, Merle. Merle Hostetler."

"Wa Matairi," alisema kijana.

"Ndiyo."

"Usiniguse."

Merle alirudisha mkono. Alikaa pale kwenye vumbi na koti mapajani, asijue la kufanya, huku kijana akitetemeka mpaka meno yakagongana. Kilichomtisha kuliko yote ni pale kutetemeka kulipoanza kupungua.

"Nitukane vyovyote," alimsihi. "Nipige ngumi ukipona, sitakwepa. Lakini vaa koti, mwanangu, nakuomba. Bibi yako yuko ng'ambo pale anatazama maji."

Uso wa Colby ulibadilika. "Maji? Kwa nini maji?"

"Wameikuta pikapu darajani."

Colby alifumba macho. Akaliacha koti liwekwe juu yake. Kisha akaanza kuongea, maneno yakitoka mojamoja. "Nilikuja kutupa mipira. Mia mbili, nilijiambia. Ubao ukaachia kabla sijarusha hata mmoja. Nimepiga kelele mpaka sauti ikaisha. Lakini nilisimama pale. Darajani. Sijui muda gani. Usimwambie Bibi."

"Lazima umwambie wewe. Yeye, au mtu yeyote. Siyo kunyamaza."

"Unajua kunyamaza wewe?"

Merle alilala kando yake kwenye mbao, akamkumbatia juu ya koti na pazia ili ampe joto, akiogopa sakafu, akiogopa ukimya, akihesabu pumzi za kijana moja baada ya nyingine mpaka akasikia magari kwenye barabara ya kaskazini.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Vidole viwili vya mguu huo daktari hakuviokoa. Msimu uliofuata ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. Colby mwenyewe alimwambia bibi yake habari za daraja, Jumapili jioni, na hospitali ikamletea mtu wa kuzungumza naye kila siku.

Mtangazaji wa redio alimpigia Merle Jumatatu. "Watu wanataka kumsikia shujaa," alisema.

"Basi mtafute," alijibu Merle. "Mimi ni yule uliyemchekea Ijumaa." Akakata simu, na tangu siku hiyo hakupiga tena.

Jumanne alikwenda hospitali akiwa tayari kufukuzwa. Opal alimkuta kwenye ujia.

"Sijakusamehe," alisema. "Labda nitakusamehe, labda nitakufa kwanza. Lakini sijalala siku tatu, na siwezi kumwacha peke yake. Kaa humo mpaka saa tano. Akitaka maji, mpe. Usifungue mdomo wako mpaka akuulize."

Merle aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Saa nzima alikitazama kifua cha kijana kikipanda na kushuka, na kila kilipochelewa kupanda, mikono yake ilishika kiti. Colby alipoamka alitazama dari kwanza.

"Nambari mbili alicheza na nani Jumapili?" aliuliza.

Sauti ya Merle haikuwa ile ya redio. "Na nambari kumi. Wakafungwa kwa pointi mbili."

"Acha utani."

"Kweli tupu. Walikuwa mbele kwa kumi na tano mapumzikoni. Mlinzi wao yule mrefu alikosa mitu..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Colby aligeuza kichwa, akamtazama.

"Mingapi?" aliuliza.

"Minne," alisema Merle kwa sauti ndogo.

Colby alirudi kutazama dari. Merle akaanza kuinuka amwite muuguzi.

"Kaa," alisema Colby. "Na yule aliyekosa, wamemfikisha nyumbani salama?"

"Sijui," alisema Merle. "Nitauliza. Nitauliza leo."