Saa ya Kununua

"Dada, huogopi kukaa na hisa nyakati hizi?" jirani yake Jasumati alimwuliza Ramilaben siku moja, bei ya mafuta ilipopanda.

"Ninayemwogopa ni Mungu," alijibu. "Soko halikuniumba."

Jioni ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, soko la hisa la Mumbai lilipofunguliwa kwa saa moja tu, ambayo kwa desturi watu hununua hisa ili kupata baraka ya mwaka mzima, Ramilaben alikuwa ameshawasha taa mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Shemeji yake Bipin akaingia, akajikaribisha kwenye sahani ya kashata. Alizifuata hisa za kiwanda cha dawa ambazo Ramilaben aliachiwa na marehemu mumewe, nazo ndizo zilizokuwa zikimlisha.

"Shemeji, mafuta yanapaa, rupia inaporomoka, serikali nayo inayumba. Watu wanakimbia. Niuzie mimi kwa nusu bei kabla hazijageuka makaratasi."

"Nusu bei? Una huruma kweli."

"Wewe ni mjane wa kaka yangu. Hasara acha iniangukie mimi."

Ramilaben alimtazama akimega kashata ya tatu. Mtu mwenye hofu hawezi kula hivi, akawaza.

"Diwali hatuuzi, shemeji, tunanunua. Wewe na kaka yako mlizinunua hisa hizo pamoja. Zako bado unazo?"

"Ninazo."

"Basi niuzie, kwa nusu bei hiyo hiyo. Nakulipa sasa hivi, hapa mbele ya Lakshmi. Hasara acha iniangukie mimi."

Bipin akaitazama taa. Akairudisha kashata sahanini, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.