Tulivyomfungia Sikuzani Kisima

Mimi ndiye niliyeanza, sikatai. Nyumba yetu pale Isevya ilikuwa na vyumba sita na familia sita, na habari ikitoka kwangu barazani asubuhi, adhuhuri imeshafika stesheni. Basi mwaka ule wa njaa, sabini na nne, maji ya kisima chetu yalipoanza kunuka dizeli, nikasema nilichokiona: Lukumani, mume wa Sikuzani, ni dereva wa lori la ushirika, na debe analochotea mkewe lilikuwa la dizeli. Nani mwingine?

Sikuzani akaapa debe lile alilisugua kwa majivu siku tatu. Nani amsikilize? Shehe alikuwa ameshasema maji yaliyogeuka harufu hayafai kutawadhia, na wazee wa watu wanabeba mabirika kwenda kuomba maji ya udhu mtaa wa pili. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mabruki, akaita mkutano, akapitisha: Sikuzani asikanyage kisimani. Batuli wa chumba cha pili akaongeza lake: "Na mkiliona debe lake, litoboeni!" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akawa anachota kwingine. Hatukuuliza wapi.

Tukakikausha kisima mara mbili. Maji yakarudi, harufu ikarudi nayo, kali kuliko mwanzo. Tukasema Sikuzani anakuja kuchota kwa kificho. Ikapita miezi saba hivyo, yeye akipita tunanyamaza, akishapita tunaendelea.

Aliyekwenda ofisi ya maji ni yeye mwenyewe. Alikwenda kwa miguu mara tatu, akiomba waje wampime yeye na debe lake. Mara ya tatu wakamtuma Damas, bwana mmoja mwembamba wa Puge, rozari shingoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamooni, akina mama."

"Marahaba, Bwana Maji," nikamjibu. "Umekuja kumfunga nani?"

"Sifungi mtu, mama. Nachimba."

Akachimba kweli. Alikuwa na chuma kirefu chenye ncha ya kuzunguka. Anakididimiza hatua kumi kutoka kisimani, anapandisha udongo, ananusa, anautia kwenye chupa ya maji, anatikisa, anaitazama juani. Kisha hatua kumi nyingine, akipanda kuelekea yadi ya mafuta ya zamani. Mwenye yadi ile alikwenda zake baada ya Azimio la Arusha. Matangi yake yaliyofukiwa yaling'olewa, yakabaki mashimo ambamo hata magugu hayakuota.

"Jamani, huyu anatamani udongo!" Batuli akapiga kelele. "Mimba ya miezi mingapi, baba?"

Baraza zima likaangua kicheko. Damas naye akatabasamu.

"Ya miaka saba, mama. Njoo unuse."

Batuli akaenda kwa maringo, akanusa, akaacha kucheka. Tukafuata mmoja mmoja. Kila shimo lililosogea karibu na yadi, udongo wake ulikuwa mweusi zaidi. Kwenye lile la mwisho, mafuta yalielea juu ya maji chupani kama samli.

"Matangi yalitoboka kwa kutu zamani," Damas akasema. "Dizeli imeshuka na maji ya chini, polepole, mpaka imewafikia. Ingekuwa debe la mtu, harufu ingeisha mlipokikausha mara ya kwanza."

"Basi tufanyeje?" Mzee Mabruki akauliza.

"Kifukieni, mzee. Mafuta yaliyofika ni machache. Mengi yako njiani."

Akafunga chupa zake, halafu akageuka. "Na kile kishimo pale bondeni, chini tu ya yadi, cha nani? Kimezungushiwa mawe vizuri, na kata ya kuchotea iko juu yake."

Kata ile tuliijua, ya Sikuzani. Kutoka mashimo ya matangi mpaka pale hazikutimia hatua ishirini.

Kesho yake tukaenda kwa Sikuzani kuomba radhi, mimi, Batuli na Mzee Mabruki. Alitukaribisha vizuri, akatandika mkeka. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele mpaka viwikoni. Lukumani alikuwa ameshahamia kwa mke mkubwa, eti wali wa Sikuzani unanuka. Hilo nalo nilikuwa nimelitangaza mimi.

"Karibuni maji," akasema, kama mgeni yeyote anavyokaribishwa, akaleta kikombe cha bati juu ya sahani.

Batuli akakishika, akakirudisha. Mzee Mabruki akainamia tasbihi yake. Nikakichukua mimi, nikanywa. Ilikuwa kama kulamba injini. Sikuzani alinitazama mpaka funda la tatu, ndipo akaninyang'anya, maji yakamwagikia kanga yangu.

"Yatosha, Mama Shomari. Mimi nimeyanywa miezi saba, lakini sikukuapiza uyanywe."

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi kisimani."

"Kisima gani?"

Huko nje majembe yalikuwa yanasikika. Watu walikuwa wanakifukia tangu asubuhi, na mpaka wakati ule udongo ulikuwa haujafika nusu.

Mzee Mabruki akaanza kusema kuhusu mkutano mwingine, wa kumsafisha jina. Sikuzani akasimama katikati ya maneno yake. Akachukua ndoo, akatuambia anawahi foleni ya bomba la stesheni kabla jua halijachwa, nasi tukiondoka tuurudishie mlango. Hakutuambia tufuatane.