Kitambaa Chekundu cha Kiporomoko

Kwa maneno ya Mama Adelaïde, ambaye huchoma mahindi kando ya barabara ya Lushebere, siku ile kitambaa chekundu kilikuwa kimelala majanini kama nguo iliyoanikwa, na Benita, mwenye kazi ya kukiinua kusimamisha wasafiri, hakuwepo. Alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji. Viateur akateremka na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao, imebeba magunia matatu ya viazi. Akaona njia iko wazi, akapita. Kumbe kamiyo, lori la mizigo, ilikuwa inapanda, ikamgonga.

"Niliona na macho yangu haya mawili," alisema Mama Adelaïde, akigusa jicho moja, kisha la pili, kwa kidole chenye majivu. "Kitambaa iko chini, muntu haiko. Sasa kosa iko ya nani?"

Jumatano aliwasimulia hivyo wanawake waliokuja kununua mahindi. Alhamisi akaongeza ndoo. Kufika Ijumaa ndoo ilikuwa ya njano, na Benita alikuwa anacheka na kijana fulani huko mtoni.

Benita aliyasikia yote, maana kituo chake kiko hatua hamsini tu chini ya jiko la Mama Adelaïde, na sauti ya mama huyo haikuumbwa kwa ajili ya siri. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, shule ikajaa askari wanaolala juu ya madawati, masomo yakaishia hapo. Lakini kutazama hakuhitaji daftari. Kwa miaka miwili aliyosimama kando ya barabara ile alikuwa amejifunza kuitambua pikipiki kwa kikohozi chake kabla haijatokea, na kumjua mwenye chukudu aliyechoka kwa namna goti lake linavyotetemeka juu ya ubao.

Alijua pia Mama Adelaïde alivyoipata habari yake. Wakati wa ajali alikuwa ameinama, anapuliza makaa. Aliposikia kishindo akainua kichwa, na akaona kilichokuwepo wakati huo: kitambaa majanini, Benita hayupo. Hakuwepo kwa sababu alikuwa ameshakitupa na kukimbia chini, kule ilikotoka sauti ya Viateur. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa juu, mkono umenyooka mpaka kwapa likauma.

Mahali penyewe watu wanapaita Kiporomoko. Mvua za mwaka ule, watu wa Ngungu walipokuwa bado wanafika kambini Lushebere na magodoro kichwani, zilikata nusu ya barabara zikaipeleka bondeni. Ikabaki nusu nyingine, mita kama mia mbili zinazozunguka kilima. Gari moja linapita, mawili hayapishani, na aliye juu hamwoni aliye chini. Basi makantonye, wale wanaotengeneza barabara kwa jembe na koleo, wakaweka utaratibu. Juu wakamsimamisha Benita na vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Chini wakamweka Papa Mbonigaba na vya kwake. Kati ya hao wawili kuna kijiti kimoja tu, kimechongwa mikato mitatu. Mwenye kijiti ndiye mwenye njia. Anapitisha watu wake kwa kitambaa cheupe, na msafiri wa mwisho anapewa kijiti akifikishe upande wa pili. Mpaka kijiti kifike mkononi mwako, nyekundu haishuki.

Ulikuwa utaratibu mzuri, na waliouheshimu walikuwa wachache. Asubuhi pikipiki za kupeleka walimu na wauguzi Masisi-centre zilikuwa na haraka. Jeep za wakubwa hazikupunguza hata mwendo. Vijana wa chukudu walisema mzigo ukishashika mteremko hauna masikio, ijapokuwa kila mmoja wao alikuwa na kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, ukikikanyaga chombo kinasimama.

"Dada Benita, hiyo ni kitambaa ao ni kilemba?"

"Nyekundu yako imechoka, dada! Imegeuka rozi. Rozi haisimamishake muntu!"

"Pita tu," Benita alikuwa anawajibu, "Papa Mbonigaba atakuzika huko chini, iko na koleo."

Walicheka, na yeye alicheka. Ila kwa wiki mbili zile za mwisho mzaha ulikuwa umekwisha. Watu walipita nyekundu kimya, vichwa vimeinama, kama wanaopita mbele ya nyumba yenye mbwa. Papa Mbonigaba alilalamika kwamba nidhamu imekufa. Benita alijua kwa nini hawasimami tena, na hilo ndilo lililokuwa linamla.

Ilikuwa Jumatatu, wiki mbili kabla ya ajali. Viateur na mdogo wake Dusabimana, mwanaume mwenye ndevu na watoto wawili, waliteremka kila mmoja na chukudu yake. Benita alikuwa ameinua nyekundu. Wakakanyaga tairi, wakasimama, wakamsalimia. Muda mfupi baadaye pikipiki ikapanda kutoka chini, dereva akamtupia kijiti, akaenda zake. Njia ikawa yao. Benita alikuwa tayari anashusha kitambaa, sauti ikamwambia kutoka kwenye migomba nyuma yake:

"Hapana shusha."

Hakugeuza kichwa. Kwa pembe ya jicho aliona buti tu: buti za mpira, ya kushoto imezibwa kwa kipande cha chamburera, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

"Shikilia vile vile, mama. Mukono juu."

Akashikilia. Mkono wa kulia ukabaki juu na nyekundu, mkono wa kushoto ukabaki chini na kijiti. Viateur alikiona kile kijiti. Alikitazama, akamtazama yeye usoni, akakunja uso kama mtu anayetaka kuuliza swali. Kisha watu wanne wakatoka migombani na bunduki. Walimtaka mmoja wa kuwabebea mizigo, wakamchukua Dusabimana, kwa kuwa mabega yake yalikuwa mapana zaidi. Hata chukudu yake hawakuigusa. Waliiacha imeegemea ukingo, na viazi vyake juu.

Dusabimana hakurudi. Wiki haikuisha, mtaani wakaanza kusema alikwenda kwa hiari kujiunga na watu wa bunduki, kwamba siku zote alikuwa na jicho la pori. Askari walifika nyumbani kwa Viateur mara mbili, wakachoma sakafu kwa vyuma wakitafuta bunduki. Wanawake wakaacha kuazima moto kwa Emérita, mke wa Viateur. Na chifu wa mtaa, Papa Jean-Marie, alipomwita Benita na kumwuliza kama alimwona Dusabimana akichukuliwa, Benita alijibu:

"Miye nilikuwa naangalia njia, Papa."

Maneno ya Viateur hayakuhesabiwa. Ndugu hawezi kumshuhudia ndugu.

Sasa Viateur mwenyewe alikuwa hospitali, mguu umevunjika mara mbili. Kasika, dereva wa kamiyo ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo, alikuwa kasho, yaani mahabusu, tangu Jumanne, ingawa alipanda kwa haki yake, cheupe kimemruhusu na kijiti kiko mbele ya usukani. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, mtaa wote ungekutana pale pale Kiporomoko. Kama kitambaa kilikuwa juu, Kasika anatoka. Kama kilikuwa chini, Benita anaingia mahali pake.

"Kwani kuna shida gani?" Papa Mbonigaba alimwambia Ijumaa asubuhi, alipopanda kuleta kijiti mwenyewe. "Ilikuwa nyekundu, unasema nyekundu. Maneno moja tu. Ile muzungumzo ya Adelaïde itakufa kama kuku."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa mbona unakondeana?"

Benita akasema ni baridi.

Mchana alimwachia kantonye mwingine kitambaa, akafunga ndizi nne mbivu kwenye kikwembe, akatembea mpaka hospitali. Viateur alilala chali, mguu umefungwa kati ya mbao mbili. Emérita alikaa chini kando ya kitanda, anachambua maharage ndani ya sinia. Hakusogea ili mgeni apate nafasi.

"Pole, kaka," Benita alisema.

Viateur alitazama bati la juu. "Nilikuona," akasema.

"Kitambaa kilikuwa juu."

"Kilikuwa juu. Nilikiona toka ku kona."

Benita alikuwa amemwona naye. Alikuwa ameuona mguu wa Viateur ukiwa tayari umewekwa juu ya kile kipande cha tairi, halafu akauona unainuka. Hakuteleza, wala mzigo haukumshinda. Aliuinua mwenyewe.

"Nikaangalia mukono ingine," Viateur aliendelea. "Ile ya kushoto. Ilikuwa chini ya kikwembe."

"Ilikuwa baridi, kaka."

"Miye nikasema: ameficha kijiti tena. Wako mu migomba. Bora kamiyo kuliko wao."

Mkono wa Emérita ulisimama juu ya maharage. Alimtazama mumewe, kisha Benita, kisha akarudia kuchambua, polepole sana, punje moja moja. Viateur alikuwa hajawahi kumwambia mkewe habari ya kijiti. Benita aliona hilo wazi, kama mtu anavyoona maji yakiingia chini ya mlango. Akaziacha ndizi juu ya godoro, akaondoka.

Jumamosi watu walikaa ukingoni na majembe yao, matope yakikauka miguuni. Papa Jean-Marie alikalia kiti cha plastiki. Kasika aliletwa kati ya askari wawili, hana mkanda wala kamba za viatu, amefumba macho nusu kwa jua. Mama Adelaïde aliitwa kwanza, akasimulia vizuri kuliko siku zote, na ndoo ikawemo.

"Mama," Papa Mbonigaba akamkatiza, "mu hiyo mto alichota maji gani? Toka mwezi wa sita iko mawe tupu."

Watu wakacheka. Mama Adelaïde akasema basi labda ilikuwa ndoo ya mawe, wakacheka zaidi, hata askari mmoja akafunika mdomo. Alipobanwa akakubali kwamba alipoinua kichwa, kishindo kilikuwa kimeshapita.

"Benita," chifu akaita.

Akasimama. Kitambaa chekundu kilikuwa begani, na kijiti mkononi, kwa sababu pikipiki moja ilikuwa imekileta wakati watu wanakaa, na hakuna aliyekumbuka kukipokea kwake.

"Siku ile ilikuwa nyekundu ao nyeupe?"

"Nyekundu, Papa."

"Ilikuwa juu?"

"Juu. Viateur alipogongwa njo nikatupa, nikakimbia."

Kasika akafunika uso kwa viganja. "Asante, dada," akasema ndani ya viganja. "Asante. Bibi yangu iko na mimba, dada, asante." Chifu akawaashiria askari, nao wakarudi nyuma hatua mbili. Ikawa imekwisha.

Lakini Papa Jean-Marie hakuwa mtu wa kuacha mkutano bila mafundisho.

"Munaona sasa? Muntu anaona nyekundu na macho yake, anapita. Kichwa nguvu! Na ile jamaa njo hivi. Mudogo anakimbilia mu pori, mukubwa anakimbilia chini ya kamiyo. Halafu wanasema ni shofere."

Wengine wakaguna kukubali. Mtu mmoja akasema amina kwa mzaha. Hapo ndipo Emérita aliposimama, huko nyuma, mtoto mgongoni. Watu walimgeuzia macho wakitegemea kilio au matusi. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi mlangoni kwa jirani.

"Papa chifu, unisamehe, sizungumze na wewe. Ninazungumza na dada Benita." Akaweka sawa kikwembe kilichomfunga mtoto. "Dada, umesema kweli, Mungu akubariki. Bwana yangu alipita nyekundu. Sasa minakuomba, malizia. Waambie ni sababu gani alipita. Waambie ile Jumatatu ulishika nini mu mukono, wakati Dusabimana alisimama hapa. Sikuombe ingine kitu. Usiseme kwa ajili yangu, sema kwa ajili ya watoto wawili ya Dusabimana, waweze kupita mu njia kama watoto ya watu."

"Alishika nini?" chifu akauliza. "Benita, mama anasema nini?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Mama Adelaïde aliacha kutafuna. Papa Mbonigaba, aliyeanza kutabasamu, aliutazama mkono wa Benita, akaitazama ile mikato mitatu, na tabasamu likamwishia.

Benita aliinamisha macho. Kutoka pale aliposimama aliona miguu tu, mistari na mistari ya miguu iliyokaa ukingoni. Wengi walivaa buti za mpira, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeshaleta matope, na buti nyingi zilizibwa. Nyingine kwa nailoni, nyingine kwa chamburera ya baiskeli. Ya kushoto, ya kulia. Matope yamezifanya zote rangi moja. Akitafuta ile ya migombani, alizipitia moja moja kwa subira, kama alivyozoea kuangalia njia, akafika mwisho wa mstari, akarudia mwanzo.

Huko juu, kwenye kona, chukudu ilisikika ikiteremka, gurudumu la mbao linalia. Ikafika, ikakuta watu, mwenyewe akakanyaga tairi na kusimama. Akamtazama Benita apate kujua kama njia iko wazi.

Kijiti kilikuwa kimelowa jasho. Emérita alikuwa bado amesimama.