Jaketi Lililofuliwa

...sabuni ya unga, ndiyo inayonuka hivi, na Dolphine alikuwa amejiandaa kwa harufu nyingine kabisa, amebana pumzi tangu mlangoni pa kituo, kumbe anakabidhiwa jaketi la marehemu mwanawe likinukia kama nguo ya Jumapili, limekunjwa, limepigwa hadi pasi, washenzi hawa, na Koplo Onchiri nyuma ya kaunta anatabasamu, "Mama, tulikufulia, si vizuri kurudishia mzazi nguo iko na damu," amemnyooshea kalamu, "weka sahihi hapa, faili imefungwa..." imefungwa na nani, na wale wachunguzi wa makosa ya polisi kutoka Kisumu wanakuja Jumatatu, wenyewe walimpigia simu, jaketi likae palepale stoo ya vielelezo, mtu asiliguse, maana polisi waliandika kwamba Bonface alitumbukia shimoni kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri akikimbia msako, eti hakuna risasi iliyofyatuliwa, na mwili ulitolewa umepondwa na mawe, daktari hakujisumbua kuuliza, likabaki jaketi tu, hili, ambalo mtoto alilivaa hata kwenye jua kali la Macalder, akichekwa anasema dhahabu inapenda mtu amevaa vizuri, wuoda, mwanangu, na pale mochari Dolphine alitia kidole chake hiki mgongoni mwa jaketi kikapita upande wa pili, tundu dogo, la mviringo, jiwe halitoboi hivyo, na sasa kidole kinatafuta, kinapapasa, liko wapi... "Na hapo palichanika, bibi yangu amekushonea," anasema Koplo, anangoja ashukuriwe, mbwa huyu, na kweli pameshonwa, vijishono vidogo vidogo vya mkono, nadhifu, nani atamwamini mama mwenye jaketi safi, wamemuua Bonface mara ya pili na wamemwita mamake aje alichukue mwenyewe, atamtemea mate Koplo huyu, atapiga mayowe mpaka sokoni wasikie, na huyo mwanamke naye, alaaniwe na sindano yake, alikaa kwake akalipakata jaketi la mtoto wa mwenzake, akaona damu, akaona tundu, akatia... akatia kidole. Lazima. Hakuna anayeziba tundu asilolipima kwa kidole kwanza, na mwanamke haletewi nyumbani nguo yenye damu asiulize ni ya nani, kwa hiyo aliuliza, na akajibiwa, au akanyamaziwa, vyovyote vile anajua, yuko mtu mwingine chini ya jua hili anayejua tundu lilikuwa mgongoni, na Dolphine anamchukia, na hatamwacha, atakwenda kukaa mlangoni pake mpaka aseme. Anameza mate. Sauti inatoka laini, mwenyewe anaishangaa.

"Ameshona vizuri sana. Anaitwa nani, nimpelekee asante?"

"Linet," anasema Koplo, amefurahi. "Ako na cherehani hapo sokoni, mlango wa kwanza. Haya mama, sahihi."

Kalamu bado imenyooshwa, na Dolphine haipokei.