Malisho ya Maksai Wazee

Mzee Lazarus Mukhwana wa Matete alizikwa kwa amani. Ugomvi ulikuja baadaye, siku ya wafiwa kunyoa nywele, watu walipokaa uani kula na kusikiliza. Huko siku hiyo ndiyo ya kusema. Aliyekaa na ng'ombe wa marehemu anamtaja, mwenye neno la marehemu analitoa, na anayenyamaza siku hiyo ajue amenyamaza mpaka kiama.

Bramwel, mtoto wa kwanza wa marehemu, mchuuzi wa mahindi hapo sokoni, alikuwa amekaa mbele kabisa kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Lakini aliyesimama alikuwa Yakub, mwenye bucha hapo hapo sokoni, mtu wa Mumias. Alivaa kofia nyeupe, na koti la kijivu juu ya kanzu.

"Salaam aleikum. Na wale wasioitikia hiyo, mulembe," alisema. "Mimi nina ng'ombe wawili wa Lazarus kwangu. Wa maziwa. Aliniwekesha kabla ya Uhuru, na hapa hakuna anayejua."

Kweli hakuna aliyejua. Watu waligeuziana shingo.

"Hao si wangu. Wala si wenu, mnisamehe. Lazarus alisema ni wa malisho."

"Malisho gani?" Bramwel akauliza.

Aliyejibu alikuwa Mzee Masinde, aliyeendesha shughuli ya siku ile. "Hata mimi nilikuwepo. Alituita sisi wawili, kabla hajapoteza sauti. Akasema malisho yake ya bondeni yasigawanywe. Maksai yeyote aliyechoka nira, wa hapa au wa jirani, aingie mle, ale, anywe, mpaka afe kifo chake mwenyewe. Maziwa ya hao wawili yanunue chumvi na dawa. Na msimamizi ni Yakub. Alisema hao maksai ndio walilima, wakaleta mahari, wakasomesha watoto, na sisi tukawalipa kwa kisu. Akasema pia, siku maksai atakapochinjwa mle ndani, wasia umekufa, watoto wake wagawane ardhi."

Kicheko kikapasuka. Jescah, jirani mwenye ulimi usiojua kufunga mlango, alijipiga mapaja. "Maksai wamepata pensheni! Sisi wamama tukizeeka nani atatuwekea chumvi?"

"Na msimamizi ni mwenye bucha," mwingine akadakia. "Fisi amekabidhiwa nyama, akaombwa alale njaa!"

Khalayi peke yake hakucheka. Huyu alikuwa mjane wa mtoto wa pili wa Lazarus, mwanamke kijana aliyeachwa na binti mmoja, Risper. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa bonde lile. Upande wake ni mawe. Mahindi yake yalitoka membamba kama vidole vya mtoto mgonjwa, na kila akiinua kichwa kutoka kwenye mawe hayo aliona bondeni udongo mweusi, unaong'aa, unaolishwa na kijito mwaka mzima, na juu yake hakuna kitu ila nyasi. Alikuwa ameomba Mungu kimoyomoyo kipande cha pale. Sasa wamepewa ng'ombe wasio na meno.

Tena, maneno ya mwisho ya mzee yeye hakuyasikia. Mkaza mwana haingii chumba cha baba mkwe, hata baba mkwe akiwa anakata roho. Alikuwa jikoni akichemsha uji. Kwa hiyo wasia ule aliupokea kama mtu anayepokea kikapu kilichofunikwa: huwezi kujua ndani kuna nini mpaka utie mkono. Hao ng'ombe wawili waliotajwa mbele ya watu, aliwaza, ni chambo. Mvuvi hatupi ndoano tupu.

Jioni ile ile Bramwel alimfuata.

"Mama Risper, umesikia mambo hayo?"

"Nimesikia, shemeji."

"Sasa watu wataleta maksai wao bure, Yakub atawapokea, mmoja mmoja atapotelea bucha. Hapo umeona pensheni?" Akasogea. "Wewe ndiye unaishinga hapa karibu, na macho yako yanafikanga kila mahali. Watu wa kupima mashamba wanakuja, na wakishaandika hakifutiki kitu. Mkamate na kisu kabla hawajafika. Ukimkamata, upande wote wa kijito ni wako na Risper. Nitasema mbele ya wazee."

Khalayi alimtazama. Alijua Bramwel si mtu wa kutoa hata muwa ulioliwa na mchwa. Lakini ardhi ni ardhi.

"Nitaangalia," akasema.

Akaangalia. Loo, aliangalia! Alipalilia akiangalia, aliosha vyombo akiangalia, hata kichwa cha Risper alikinyoa uso wake umeelekea bondeni mpaka mtoto akalia.

Wa kwanza kuingia malishoni alikuwa Gavana, maksai wa Lazarus mwenyewe, mweusi, mwenye kipara shingoni pale nira ilipokula manyoya. Jina lake alipewa zamani, kwa sababu alikuwa mnene na hakutaka kusukumwa. Siku hizi watu walipita kando ya ua wa mkonge wakimcheka: "Magavana wenzako walipanda ndege wakarudi Uingereza, wewe bado unakula nyasi zetu tu!" Wakafuata wengine watatu, wa majirani, mbavu nje. Yakub alikuja siku za soko na chumvi ndani ya mkebe, akauzunguka ua wote akipima miti ya lango kwa mkono, akaenda. Alichofanya kilikuwa kizuri, na hicho ndicho kilichomtia Khalayi wasiwasi. Mwizi wa kuku huanza kwa kumwaga mtama.

Mvua za masika zilipofika maksai mmoja akafa. Yakub alileta watu wakachimba shimo wakamfukia. Khalayi alingoja waondoke, akaenda na kijiti, akachoma udongo hapa na pale kuona kama shimo limefukuliwa. Kesho yake akarudi tena na kijiti. Wote walijua Mwislamu hali kibudu, na yeye alijua, lakini kuuza si kula.

Akaenda mpaka buchani.

"Hii nyama ni ya ng'ombe wa wapi?"

"Wa Matungu," Yakub akajibu.

"Alikuwa rangi gani?"

Yakub aliweka kisu chini. "Mama, unanunua, au unafanya matanga?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Khalayi aliondoka bila nyama, uso umemwaka, lakini akilini aliandika: hakusema rangi.

Basi asubuhi moja, umande bado haujakauka, akamwona Yakub anashuka bondeni. Haikuwa siku ya soko. Alikuwa peke yake, kamba begani, na kwapani kitu kilichoviringishwa ndani ya gunia. Aliingia, akarudisha miti yote ya lango nyuma yake, mmoja mmoja, bila haraka. Hilo hakuwahi kulifanya.

Khalayi aliacha jembe likaanguka.

Yakub alimwendea Gavana, akamkuna nyuma ya sikio, akampitishia kamba kifuani na tumboni kama wachinjaji wanavyofanya. Akavuta. Maksai alikunja magoti, akalala ubavu kama gunia la mahindi. Yakub akamfunga miguu. Kisha akalifungua lile gunia, na jua likagonga chuma.

Kisu.

Khalayi alipeleka kiganja mdomoni akapiga nduru. Ilikuwa nduru ya kweli, ile inayomtoa mtu kitandani bila shuka. Kutoka kilimani zikamjibu nyingine, na nyingine, na hapo ikawa haiwezi kurudishwa.

Nduru ikiwa bado inasafiri, yeye alikimbia mpaka kwenye ua ajionee kwa macho yake. Alipenya katikati ya mikonge, miiba ikamchana mkono. Akaona.

Yakub hakuwa kichwani mwa ng'ombe. Alikuwa miguuni. Alikuwa ameubana mguu wa mbele kati ya magoti yake, na kile kisu, kifupi, chenye ncha iliyopinda, kilikuwa kinachonga kwato. Kwato zenyewe! Maksai asiyelima wala kutembea barabarani kwato zake hazisuguliki. Za Gavana zilikuwa zimerefuka, zimejikunja kama pua za viatu vikuukuu. Vipande vyake vilikuwa vimelala kwenye nyasi kama maganda ya ndizi.

"Umeniitia watu, mama," Yakub alisema bila kuinua kichwa. "Basi wakija, waambie wasimpige huyu. Amefungwa, hawezi kukimbia."

Na watu ndio hao walikuwa wanateremka, rungu na panga mkononi, Bramwel mbele, shati halijafungwa vifungo.

"Nilisema! Nilisema mimi!" Alikuwa anapiga kelele kabla hajafika. "Mshikeni!"

Kijana mmoja alimkamata Yakub ukosi wa koti, kofia ikaanguka. Yakub hakuiachia kamba. "Nikiachia ataamka na miguu imefungwa," alisema. "Atavunjika. Nipigeni, lakini mmoja wenu ashike hapa kwanza."

"Damu hiyo kwenye kisu!" mtu akaita. Na kweli ilikuwepo, kidogo, pale kisu kilipokwenda ndani zaidi ng'ombe aliposhtuliwa na nduru. Watu walipoiona walisogea, na duara likawa dogo.

Hapo Mzee Masinde alifika, akihema juu ya fimbo yake. "Ngojeni! Ngojeni, nasema! Nduru ina mwenyewe. Aliyepiga ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Khalayi.

Bramwel alikuwa ameshasimama karibu naye. Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia mbele kama mtu anayeongea na hewa: "Ulimwona ameshika shingo. Sema hivyo tu. Shingo. Leo jioni unapanda maharagwe hapa."

Khalayi alitazama chini. Miguu yake ilikuwa imezama kwenye udongo ule. Ulikuwa laini, baridi, mweusi hata kwenye vidole. Akilini alimwona Risper anakula, anashiba. Neno moja tu, na watu walikuwa wamekwisha kuliamini kabla hajalisema. Alimtazama na Yakub, kichwa wazi, mvi zake nje, ameinamia mnyama. Kama si ujanja huu, ni ujanja mwingine, moyo wake ulimnong'oneza. Mtu hasumbuki hivi kwa ng'ombe asiye wake. Lakini huo mwingine alikuwa hajauona. Alichokiona ni kwato.

"Nimepiga nduru ya bure," akasema.

"Sema kwa nguvu," Masinde akamwambia.

"Nimepiga nduru ya bure! Niliona kamba, nikaona kisu, nikadhani anachinja. Nilipofika karibu nikakuta anakata kwato. Shingo hajaigusa. Hivyo vipande si hivyo hapo? Okoteni."

Jescah aliinama akaokota kimoja, akakinusa, akakunja pua. "Ni kwato kweli. Inanuka kama miguu ya bwanangu."

Kicheko kilipita, na panga zikaanza kushuka. Bramwel peke yake hakulegea. "Mama Risper ameogopa huyu mzee. Mama Risper, usiogope, sema vizuri."

"Shemeji, nimesema. Kama ningetaka kusema nisichoona, ningesema zamani. Nisingeungua na jua hapa nikingoja."

Bramwel alimtazama muda, akafunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine. "Haya. Lima mawe yako," akasema, akapanda kilima.

"Na nduru ya bure ina ada yake," Masinde akakumbusha, kwa sauti ya mtu ambaye hajanywa chai. "Watu wameacha kazi zao."

"Ingokho! Kuku!" wakaitikia kwa pamoja, wenye panga wakiwa wa kwanza.

"Na obusuma, ugali wa kutosha," Jescah akaongeza. "Mimi nimekimbia na mimba hii."

Khalayi alikuwa na kuku wawili, jogoo na mtagaji. Aliwaambia wamchukue jogoo. Wakamwambia watu ni wengi. Akawaambia basi wachukue wote, na unga uko kwenye mtungi nyuma ya mlango. Wakaondoka wakiongea kwa furaha, kama watu wanaotoka harusini, na baada ya kitambo kidogo akasikia kuku wake wanapiga kelele huko juu.

Bondeni wakabaki wawili na ng'ombe. Yakub aliokota kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Wewe unapata nini hapa?" Khalayi akamuuliza. Hakumuuliza kwa upole.

"Hapa? Vichekesho. Wateja wangu wananiuliza kama na mbuzi nawawekea kitanda."

"Mbona mzee akuchague wewe? Watu wote hawa."

Yakub alipangusa kisu kwenye nyasi. "Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akaniambia, maksai wote wa hapa wakizeeka wanaishia mlangoni kwangu. Angemweka mtu mwingine, ningekuja na bei nzuri, naye angeniuzia. Sasa ameniweka mimi. Nitamuuzia nani?"

Khalayi aliligeuza neno hilo kichwani huku na huku, kama mtu anayechagua maharagwe. Lilikuwa na akili, na kwa sababu lilikuwa na akili hakulipenda.

"Na hao ng'ombe wawili wa maziwa. Mimi sijawaona."

"Njoo Mumias uwaone."

"Nitakuja."

"Njoo." Akaushika mguu wa nyuma, akaugeuza, akatazama kwato. "Umebaki huu na mwenzake. Kushika kamba na kukata kwa mtu mmoja ni kazi. Kaa hapo shingoni, ukaze."

Khalayi aliizunguka ile shingo yenye kipara. Hakukaa pale alipoonyeshwa, upande wa kivuli. Alikaa upande wa pili, mahali anapokiona kisu vizuri, akaizungusha kamba mkononi, akakaza. Gavana alivuta pumzi ndefu chini yake.

"Haya," akasema. "Kata."