Tone la Chini la Taa ya Mama

Xavérine aliiona taa ya mama yake kwenye simu kabla hajaambiwa lolote. Ilikuwa picha iliyotumwa kwenye kundi la familia: sebule mpya ya mdogo wake Christella kule Kinyinya, dari nyeupe ya jasi, na katikati yake ile taa ya vioo, matawi yote kumi na mawili yakiwaka. Chini ya picha Christella aliandika kwamba hatimaye taa imepata mahali pake. Xavérine alikuwa kwenye kibanda chake cha maharage Nyabugogo, na wateja wawili walikuwa wakimsubiri. Aliisoma sentensi ile mara tatu. Hatimaye. Kana kwamba miaka yote ilipokuwa ikining'inia kwa mama yao Gatsata, akiisafisha yeye kwa mikono yake, ilikuwa imepotea njia.

Taa ile iliwazidi umri wote. Baba yao, Habiyaremye, alikuwa seremala Buyenzi, Bujumbura, na aliinunua kwa Mgiriki mwenye duka aliyekuwa akifunga biashara ili arudi kwao. Mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Vikombe vya kudaka nta bado vilikuwepo, na ni fundi wa baadaye aliyetoboa matawi ya shaba akapitisha nyaya za umeme. Ilikuwa na matone ya kioo themanini na manne, na jingine moja kubwa la chini kabisa, kama yai la bata, ambalo jua likilipiga lilimwaga rangi ukutani. Familia iliporudi Rwanda, miaka ya tisini, Xavérine ndiye aliyefunga kila tone katika kipande cha kitenge. Lile kubwa alilipakata njia nzima ndani ya basi. Christella, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alilala.

Mvua za mwaka juzi zilipopasua ukuta wa nyumba ya mama yao, mzee Alida alihamia kwa Christella. Xavérine alidhani taa itakuja kwake, maana alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Hakuna aliyemuuliza. Alipothubutu kuuliza yeye, mama alimjibu kwa upole kwamba dari yake ni ya chini, watu watagonga vichwa. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma zaidi. Tangu siku hiyo hakuweza kuingia nyumbani mwake bila kuitazama dari.

Mwezi wa saba Christella alipiga simu. Wazazi wa mchumba wa binti yake, Ariane, wangekuja Jumamosi kumposa rasmi, na taa imejaa vumbi. Kinyinya nzima inajengwa, alisema, malori yanapita kutwa, na fundi umeme ameitazama akakataa kuigusa. Ni wewe tu unayeijua, dada.

Xavérine alikwenda Ijumaa asubuhi. Aliikuta sebule kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye picha, viti vya ngozi, pazia linalofika sakafuni, na mama yake akiwa amekaa kwenye kiti kizuri ambacho yeye asingeweza kumnunulia. Mama alionekana amenenepa kidogo. Hilo nalo lilimchoma, kisha akaona aibu kwamba limemchoma.

Kazi aliifanya kama alivyofundishwa. Alizima umeme kwenye sanduku la swichi, akasubiri balbu zipoe, akatandika blanketi chini, na juu yake shuka jeupe. Alipanda ngazi, akakataza mtu yeyote asiizungushe taa, maana ikizungushwa hulegea pale inaposhikwa na dari. Alitoa matone kuanzia mduara wa chini, akayapanga juu ya shuka kwa miduara ileile ili kila moja lirudi kwenye ndoano yake. Mugeni, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyefanya kazi za nyumbani pale, alimletea beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, na jingine la maji yenye siki. Xavérine aliosha, Mugeni akakausha kwa kitambaa cha pamba, moja moja, bila haraka. Msichana alikuwa na mikono mizuri ya kazi.

Christella alipita akiongea na simu, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba taa yetu ya urithi inasafishwa. Taa yetu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuonwa.

Tone kubwa lilikuwa mkononi mwa Xavérine, limelowa. Mugeni alikuwa ameinuka kwenda kumwaga maji nje. Mama alikuwa amesinzia. Xavérine alilifunga ndani ya kitambaa akalitia kwenye mkoba wake. Hakuwa amepanga. Mkono ulitangulia, na moyo ukaridhika baadaye, kwa furaha mbaya aliyoitambua vizuri.

Alipomaliza kurudisha mengine, pakabaki ndoano tupu katikati. Christella akauliza. Xavérine akasema tone lilikuwa kwenye beseni. Hakusema zaidi ya hapo, na hakukuwa na haja. Wote wawili walimgeukia Mugeni.

Msichana alikimbia nje. Maji aliyamwaga kwenye mfereji wa mawe unaoteremka kando ya ukuta, na sasa alipiga magoti akapekua tope kwa mikono, hatua kwa hatua, mpaka mfereji unapoingia chini ya barabara. Xavérine alimtazama kupitia dirishani. Alijiambia atasema msichana akirudi. Mugeni aliporudi, tope likiwa limemfika kwenye viwiko, Xavérine alichukua mkoba wake akaaga.

Jumamosi hakwenda kwenye sherehe, alisema anaumwa. Alilitundika tone kwenye dirisha lake Gatsata kwa uzi wa kushonea, na saa nne jua lilipofika, rangi zilitokea ukutani kama zamani. Alikaa kuzitazama, lakini kila alipojaribu kufurahi aliona viwiko vile. Akalishusha, akalirudisha kwenye kitambaa.

Jumatatu, karibu saa sita, Mugeni alisimama mbele ya kibanda chake na begi begani. Alikuwa akielekea kwenye basi la Rulindo, kwao. Christella alikuwa amemwachisha kazi. Hakuja kulalamika. Alisema amepita kuaga, kwa sababu siku ile hawakuagana.

"Mama, unisamehe," alisema. "Mimi sikuona kama ile kioo iko ndani ya maji. Ile kitu ilikuwa ya mzee wenu. Mungu anajua sikuiona."

Xavérine alikuwa na kipimo cha maharage mkononi. Alikiweka chini. Alimwomba jirani amwangalizie kibanda, akalichukua begi la Mugeni, akamwambia basi lisubiri, kuna mahali lazima waende kwanza. Walipanda pikipiki mbili. Walipopita Gatsata alimsimamisha dereva, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa. Mugeni alimwona nacho.

Kinyinya, Christella aliwafungulia mlango mwenyewe. Xavérine hakusubiri kukaribishwa kukaa. Alikifungua kitambaa juu ya meza, mbele ya mama yake, na tone likalala pale likimeta.

"Nililichukua mimi," alisema. "Huyu hakumwaga kitu. Nilimwona akipekua tope nikanyamaza."

Christella aliuliza kwa nini, akarudia kuuliza. Xavérine alisema kwamba alikuwa na wivu. Neno hilo hakuwahi kulitamka kwa kinywa chake, na lilitoka dogo kuliko alivyolihofia. Alisema ana wivu na nyumba, na dari, na kile kiti cha mama, na mama mwenyewe. Alisema taa aliibeba yeye.

Christella akasema kitu ambacho dada yake hakukitarajia.

"Unakumbuka Jumamosi za Buyenzi? Wewe na mama mlikaa chini mkiosha vioo, mkicheka, na mimi nilikatazwa kusogea kwa sababu nilivunja kimoja nikiwa na miaka mitano. Nilikuwa nawatazama kutoka mlangoni. Hii taa niliichukua ili na mimi niwe nayo. Na bado ilibidi nikuite wewe uisafishe."

Mama yao, Alida, alisema hakujua. Alilisema mara moja tu, akaangalia mikono yake.

Mugeni alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Christella alimwendea, akamwomba msamaha, akamwambia chumba chake kipo kama alivyokiacha. Mugeni alimshukuru, akasema harudi. Alichokitaka ni kimoja: Christella ampigie simu mama yake Mugeni kule Rulindo, amwambie ukweli, kwa sababu jana alimpigia akamwambia kwamba binti yake ndiye aliyelipoteza tone. Christella alipiga pale pale, huku Mugeni akisikiliza, na maneno aliyosema hayakuwa na kona. Xavérine naye alipewa simu, akarudia la kwake.

Alimsindikiza Mugeni mpaka Nyabugogo, akambebea begi mpaka kwenye kiti cha basi. Msichana alimpa mkono, akageukia dirisha. Miezi miwili baadaye ilisikika kwamba amepata kazi kwa mshonaji huko kwao. Xavérine humpigia mara mojamoja. Hujibu kwa adabu, kwa ufupi, na Xavérine hajawahi kumlaumu kwa hilo.

Tone lilirudishwa kwenye ndoano yake, lakini wivu haukwisha. Akienda Kinyinya siku za Jumapili bado hukagua kama mama amebadilishiwa miwani bila yeye kuambiwa. Tofauti ni kwamba sasa humwambia mdogo wake, na Christella humvutia kiti kingine karibu na cha mama, kisha huenda jikoni kupika chai.